Kabla ya Kuuza Prado: Namna ya Kuijaribu Haibridi ya Kuchaji

Hapa chuoni kila mtu ana maoni makali kuhusu magari asiyokuwa nayo. Kaa kantini nusu saa tu. Meza ya kwanza watakuambia petroli imekwisha habari yake, zama za umeme zimefika. Meza ya pili watakuambia haibridi ni kununua ugonjwa, betri ikifa na wewe umekwisha. Makala hii haiamui ugomvi huo. Inahusu swali dogo zaidi ambalo lina pesa ya mtu ndani yake: ndugu yako wa nyumbani akikupigia simu akasema, "Wewe si ndiyo msomi wetu, hili gari la kuchomeka ukutani nilichukue au niliache?", utamwambia alijaribu vipi?

Mimi niliulizwa na mjomba wangu likizo iliyopita. Anaishi kitongoji cha ndani kabisa huko Igalula, wilaya ya Uyui, mashariki mwa Tabora mjini. Analima tumbaku na mpunga, na ananunua asali kwa warina asali anaipeleka mjini mara mbili kwa wiki. Prado yake ya petroli ya cc 2700 inakwenda kilometa nane kwa lita, siku nzuri. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa anauza Mitsubishi Outlander PHEV ya mwaka 2013 iliyotumika Japani. Hesabu ya mjomba ilikuwa auze Prado, aongezee fedha ya msimu wa tumbaku, alichukue. Sasa fedha hiyo ya tumbaku ndiyo hiyo hiyo ada ya binti yake anayeanza chuo mwaka huu. Halafu gari la mjomba si la mjomba peke yake. Mama mjamzito akizidiwa usiku, mlango unaogongwa ni wake, na safari ni ya Hospitali ya Kitete, mjini.

Akamwachia muuzaji kadi ya Prado kama dhamana, tukapewa gari siku mbili.

Kwanza tuelewane gari lenyewe ni nini. Haibridi ya kawaida, kama zile Harrier na X-Trail za haibridi tunazoziona mjini, ina betri ndogo inayojichaji yenyewe kwa injini na kwa nguvu ya kufunga breki. Huichomeki popote. Haibridi ya kuchaji ina betri kubwa zaidi unayoijaza kwa umeme wa nyumbani, na inaweza kwenda kilometa kadhaa bila kuwasha injini kabisa. Outlander ya toleo lile ilitoka kiwandani na betri ya uniti 12 (uniti zile zile za LUKU), mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na injini ya petroli ya lita mbili. Haina gia za kawaida. Mwendo wa chini injini kazi yake ni kuzungusha jenereta tu, na mota ndizo zinazosukuma matairi. Ukifika mwendo mkubwa injini inashika matairi ya mbele moja kwa moja. Betri ina uzito wa karibu kilo 200. Kwa lugha ya kwetu Unyamwezi, hiyo ni mizigo ya wapagazi sita, na unaibeba iwe imejaa au tupu.

Hapo kwenye "tupu" ndipo pa kushika. Haya ni magari mawili ndani ya bodi moja. Betri ikiwa imejaa, una gari la umeme: kimya, linachomoka kwa nguvu hata kwenye mchanga, na ukilizoea utaichukia Prado. Betri ikiisha, una gari la petroli lenye uzito wa karibu tani moja na robo tatu na tenki la lita 45. Muuzaji yeyote mwenye akili atakuletea gari la kwanza. La kwetu lililetwa likiwa na chaji kamili, na kilometa zile za mwanzo mjomba alikuwa anacheka peke yake kama mtoto. Kisha akaanza kusema, "Mpwa wangu, hili tumelichukua."

Tulichofanya ni kuimaliza betri makusudi, na hicho ndicho ningemwambia mtu yeyote afanye. Kutoka nyumbani hadi mjini odometa ilisoma kilometa 47. Chaji ilikwenda kilometa 32, kwa mwendo wa taratibu na kiyoyozi kimezimwa, injini ikaamka. Kuanzia hapo ndipo majaribio yalipoanza hasa. Tukajaza tenki hadi pampu ikakatika yenyewe, tukaizungusha kwa petroli tupu, lami na vumbi, na mizigo ya asali nyuma, tukajaza tena pampu ile ile na kugawanya kilometa kwa lita. Jibu: kilometa 13 kwa lita. Usiamini namba ya dashibodi kwenye gari la aina hii. Inachanganya kilometa za umeme na za petroli, kwa hiyo ukitoka na chaji kamili inaweza kukuonyesha kilometa 40 kwa lita na isiwe imedanganya, ila haijajibu swali lako.

Watu wa njia ya misafara waliijua kanuni hii bila dashibodi. Kabla ya kufika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kwa mtu anayetoka pwani, msafara ulivuka nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako chakula na maji vilikuwa shida. Baada ya hapo ndipo Rubuga, Kigwa, halafu Kazeh, yaani Tabora, ambako Burton na Speke walifika Novemba 1857. Posho ya msafara ilipangwa kwa kuangalia Mgunda Mkali. Hakuna aliyeipanga kwa kuangalia starehe za Kazeh. Mgunda Mkali wa mjomba ni usiku wa masika, betri tupu, mgonjwa nyuma.

Turudi kwenye chaji, maana huko ndiko nilikojifunza mengi. Muuzaji alitupa kebo ya soko la Uingereza, ambayo plagi yake ya miguu mitatu ndiyo ya soketi zetu. Tukachomeka nyumbani, taa ya kebo ikawaka nyekundu. Gari zima, umeme upo, chaji haiingii. Kebo hizi zinapima kwanza kama nyumba ina waya wa kutuliza umeme ardhini, ule mafundi wanauita eathi, na zikiukosa zinagoma. Zina haki ya kugoma, kwa sababu bila huo waya hitilafu ndogo inaweza kuligeuza bodi la gari kuwa kitu cha kuua mtu. Fundi alikuja akapigilia fimbo ya shaba, akaivutia waya hadi kwenye soketi, na taa ikabadilika. Chaji ikachukua karibu saa tano. Kwa hiyo usikubali kufanya majaribio yote kwa muuzaji. Chomeka kwako, kwenye soketi utakayoitumia, usiku, wakati jirani wote wamewasha.

Sasa hesabu. Nachukua petroli sh. 3,000 kwa lita ili iwe rahisi, wewe weka bei ya EWURA ya mwezi wako. Umeme wa nyumbani wa daraja la kawaida, T1, ukiweka kodi zote, unakaribia sh. 357 kwa uniti, ndiyo maana ukinunua wa elfu kumi unapata kama uniti 28. Chaji moja ilikula uniti 7.5, sawa na sh. 2,680 kwa kilometa 32. Hakuna petroli inayoshindana na hiyo.

Lakini safari ya mjomba ni kilometa 94 kwenda na kurudi. Kilometa 32 ni za umeme, 62 zilizobaki ni petroli, lita 4.8 hivi. Jumla karibu sh. 17,000. Prado kwa safari hiyo hiyo inakula sh. 35,000 na zaidi. Mjomba alipoona namba hizo alitaka kusimama. Nikamwomba aongeze mstari mmoja: haibridi ya kawaida isiyochomekwa, inayokwenda kilometa 16 kwa lita, ingetumia sh. 17,600. Tofauti ni sh. 600. Yaani karibu akiba yote inatoka kwenye kuachana na Prado, na ile plagi inaleta bei ya soda.

Na hata hiyo soda inanyweka. Nyumba ya mjomba iko daraja la D1, la matumizi madogo, ambalo uniti ni sh. 100 kabla ya kodi mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Yeye hutumia kama 55. Ongeza safari tisa za uniti 7.5, umevuka mpaka, na ukivuka mara kwa mara unahamishiwa T1. Hapo zile uniti 55 za taa, friji na televisheni, zilizokuwa zikigharimu sh. 6,700 pamoja na kodi, zinakuwa sh. 19,600. Gari limekuokolea sh. 5,400 kwa mwezi ukililinganisha na haibridi ya kawaida, na nyumba imekula karibu 13,000. Hili sijasikia muuzaji akilitaja, na sidhani kama ni hila. Ni kwamba yeye anauza gari, LUKU si yake.

Hesabu ingegeuka kama angepata soketi mjini. Mama mdogo ana nyumba Tabora, na mjomba hukaa mjini saa nne au tano akisubiri wateja. Chaji ya pili huko ingempunguzia kama sh. 4,700 kila safari, ambazo kwa mwezi ni zaidi ya elfu arobaini. Tukampigia. Akasalimia vizuri, akauliza habari za mpunga, kisha akauliza: "Na LUKU nani anaweka?" Kwa mtu anayeishi mjini na kazi yake iko kilometa kumi kutoka nyumbani, mambo ni tofauti kabisa. Huyo anaweza kukaa wiki nzima asiwashe injini, na ningemwambia achukue bila kusita sana.

Betri yenyewe ilipimwa kwa kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na programu ya simu. Rafiki yangu wa uhandisi aliniazima. Betri ya gari hili ilipokuwa mpya ilikuwa na Ah 40, hii ilisoma 31, kama asilimia 78. Kwa umri wake si ajabu, betri zote za lithiamu huchakaa, ila bei inapaswa kuijua namba hiyo. Bila kifaa, jaza chaji kamili, weka sifuri kwenye odometa ya safari, hesabu kilometa hadi injini iwake yenyewe kwenye barabara tambarare. Ni kipimo cha kienyeji lakini hakidanganyi sana.

Kisha tukafungua nyuma kutafuta tairi la spea. Hakuna. Outlander ya kuchaji haikutengenezewa nafasi yake. Kuna pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Kwa barabara za Japani sawa. Kwa njia yetu, ambako mwiba unaingia ubavuni mwa tairi, chupa ile ni pambo, na spea ya kufunga juu inakula mafuta na nafasi ya madumu ya asali. Chini, nafasi kutoka ardhini ni milimita 190 bila mzigo, na betri iko huko huko chini. Mjomba alilala chali akaangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa anacheka tena.

Swali la fundi tuliliuliza kwa gereji tatu za mjini. Injini, breki na shokomzoba, wote wanaweza. Waya zile nene za rangi ya chungwa, zenye volti 300, mmoja tu alisema amewahi kufundishwa kuzizima kabla ya kugusa chochote, na wawili walisema ukweli kwamba hawagusi. Nawaheshimu hao wawili.

Gari lilirudishwa na kadi ya Prado ikarudi nyumbani. Mjomba sasa anaulizia haibridi za kawaida zenye tairi la spea, na mchana huo huo alimlipia binti yake ada ya muhula wa kwanza ili, kwa maneno yake, fedha isimtazame. Muuzaji ameshapunguza bei mara mbili. Mara ya pili mjomba alimwomba aongeze rimu na tairi la tano, na mpaka naandika haya hajajibiwa.