Mbona Picha ya Karatasi Haifanani na ya Kompyuta?

Hapa Migato shida hii tunaijua. Tunampelekea fundi picha. Kwenye kioo cha kompyuta inapendeza kweli. Ikitoka kwenye printa, uso umekuwa na giza, au wa kijani!

Sisi yalitukuta tulipochapisha picha ya marehemu mzee wetu. Picha yake nzuri ni hiyo moja tu. Ugomvi ukataka kuanza: "Fundi katuibia!" Kumbe sivyo.

SABABU NI NINI?

Kioo kinatoa mwanga, kama taa. Rangi zake zote zinatokana na mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Karatasi haina mwanga wake. Printa inaipaka wino: sayani, yaani buluu ya angani, majenta, yaani pinki iliyokolea, njano, na nyeusi. Kwa hiyo baadhi ya rangi kali za kwenye kioo, wino hauziwezi.

Tena macho hudanganywa na mwanga. Pamba nyeupe, ukiitazama usiku kwa koroboi, utasema ni ya njano.

TUFANYEJE?

1. Punguza mwanga wa kioo. Kikiwaka sana, picha ya karatasi itaonekana ina giza.

2. Chapa karatasi ya majaribio. Mistari ikikatika, vitundu vya wino vimeziba. Sayani isipotoka, picha inakuwa nyekundu. Majenta isipotoka, inakuwa ya kijani. Njano isipotoka, inakuwa ya buluu. Iamuru printa ijisafishe, lakini usirudierudie, maana wino unakwisha bure.

3. Iambie kompyuta aina ya karatasi uliyoweka. Karatasi ya picha ichapwe upande unaong'aa.

4. Chapa picha ndogo kwanza. Iache ikauke. Halafu itazame mchana, nje kivulini, siyo chini ya taa.

Fundi wetu alifanya hivyo. Akakuta majenta imeziba. Akasafisha, akapunguza mwanga wa kioo, akachapa tena. Mzee akatoka na sura yake ile ile tuliyoizoea. Sasa yuko ukutani, na wajukuu wanamwona.

Basi ndugu, picha ikiharibika usianze kwa kelele. Muulize fundi taratibu: "Umechapa ya majaribio?"

MASWALI

1. Picha ikiwa ya kijani, ni wino gani haukutoka?

2. Kwa nini tuitazame picha nje, mchana?