Programu Iliyompokonya Karani Kifutio

Wasomaji wetu wa makamo hawakosi kukumbuka jinsi karani alivyokuwa akikesha kwa ajili ya hesabu za mwisho wa mwezi. Alikaa mbele ya karatasi pana iliyopigwa mistari, kalamu ya risasi mkononi na kifutio kando yake. Ikionekana bei moja iliyoandikwa vibaya, ilimlazimu afute si bei hiyo tu, bali na jumla ya safu yake, na jumla ya ukurasa, na kila tarakimu iliyotegemea jumla hizo. Mkewe nyumbani alijua tu kwamba chakula kimepoa.

Dhiki hiyo haikuwa ya nchi moja. Mwaka 1978 kijana wa Kimarekani, Bwana Dan Bricklin, alikuwa akisomea uendeshaji wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akamwona mwalimu wake amejaza ubao kwa hesabu. Tarakimu moja ilipobadilika, mwalimu akawa hana budi kufuta na kuandika upya mlolongo mzima. Bricklin alikuwa amekwisha fanya kazi ya kompyuta kabla ya masomo hayo, naye akajiuliza: kwa nini ubao usijifute na kujiandika wenyewe?

Alishirikiana na rafiki yake, Bwana Bob Frankston, na mwanzoni mwa 1979 wakaanzisha kampuni yao, Software Arts. Frankston ndiye aliyeiandika programu yenyewe, akifanya kazi usiku katika chumba cha darini. Kwani walikuwa wakikodi muda kwenye kompyuta kubwa, na kodi ya usiku ilikuwa rahisi kuliko ya mchana. Basi naye alikesha, ili makarani wapate kulala. Oktoba 1979 programu ikaanza kuuzwa kwa jina la VisiCalc, nayo ilitumika katika kompyuta ndogo iitwayo Apple II.

Ama namna yake ni hii. Kioo cha kompyuta kiligawanywa vyumba vyumba, mfano wa karatasi ya karani: safu 63 zilizopewa herufi, na mistari 254 iliyopewa namba. Chumba cha kwanza kabisa kikaitwa A1. Ndani ya chumba mtu aweza kuandika neno, au tarakimu, au amri, na hapa ndipo ilipo siri yote. Mwoka mikate aandika bei ya unga katika A1, na katika vyumba vingine aagiza gharama ya mkate, faida ya siku, na faida ya mwezi zihesabiwe kutokana na bei hiyo. Akigeuza A1, vyumba vyote vinavyoitegemea hugeuka papo hapo.

Wengi husema kwamba faida yake ilikuwa ni wepesi. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba watu walipata ujasiri wa kuuliza. Swali la "Je, unga ukipanda bei?" lilikuwa likila jioni nzima, kwa hiyo halikuulizwa ila kwa dharura. Sasa lilijibiwa kwa nukta chache, na mtu akauliza la pili na la kumi. Bricklin amesimulia kwamba mhasibu aliyeonyeshwa programu hiyo aliweza hata kutetemeka, akisema kazi ile ndiyo iliyomla juma zima. Ilikuwa ikiuzwa kwa kadiri ya dola 100, na wako waliotoa dola 2,000 na zaidi kununua kompyuta kwa ajili yake tu.

Wenyewe hawakupata hataza ya kuilinda, kwani wakati ule programu zilipewa hataza kwa nadra. Mwaka 1983 ikatoka Lotus 1-2-3, yenye nguvu zaidi, ikawanyang'anya wanunuzi. Na mwaka 1985 kampuni ya Lotus ikainunua Software Arts, VisiCalc ikakoma. Mwaka huo huo Microsoft ikatoa Excel, ambayo hata leo chumba chake cha kwanza huitwa A1.

Lakini karani wa kifutio alikuwa na jambo moja ambalo programu haikurithi: kila tarakimu ilipita mbele ya macho yake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, idara ya afya ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo kwa majedwali ya Excel ya mtindo wa kale, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, majibu yaliyozidi yaliachwa nje, na hakuna aliyetambua kwa siku kadhaa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wagonjwa hao wenyewe walipelekewa majibu yao. Waliochelewa kuambiwa ni watu waliokaa nao karibu, ambao walistahili kuonywa mapema wajitenge.