Ukuta ulioanguka: namna ya kujenga dekori ya teatri na vitu vya kwetu



Ile siku ukuta wetu ulianguka. Tulikuwa tunacheza piesi ya mjane anayefukuzwa na wakwe katika nyumba ya marehemu mume wake. Mama akashika ukuta ili aseme "sitoki", na ukuta wenyewe ukatoka. Sali nzima ikacheka. Ujumbe wa haki ya mjane ukafia pale pale, na mwenzetu akaumia bega.

Kosa halikuwa la mchezaji. Tulikata bambu changa, tukaziweka mbichi, na nyuma ya miezi miwili wadudu walishazitoboa, ndani ikabaki unga tu. Aliyezichagua ni mimi, mtu wa agronomia! Ju ya hiyo ninaandika leo.

Kwanza, maswali. Dekori haionyeshi kila kitu. Inasema tuko wapi na nyumba ni ya nani. Mlango mmoja na mkeka vinaweza kutosha. Jiulize: wachezaji wanaingilia wapi? Mtu wa nyuma kabisa anaona nini?

Pili, maketi. Chukua karatoni, sentimita 5 ziwe mita 1. Kosa la karatoni halina bei. Kule Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walianza kwa kupanga njiti za kiberiti chini. Kisha wakatengeneza maketi, na nyuma yake wakajenga uwanja wa teatri wa watu zaidi ya 2,000. Mwaka 1982 serikali iliubomoa. Jukwaa la kijiji linaweza kuogopesha wakubwa, msilidharau.

Tatu, bambu. Kata zenye miaka 3 hadi 5. Changa iko na wanga mwingi, na wanga njo chakula cha wadudu. Iliyokomaa haing'ai tena, iko na madoa, na maganda yake yameshaanguka. Ikaushe kivulini, si kwenye jua kali, isije ikapasuka.

Ine, kiunzi. Mita 1 kwa mita 2 ni rahisi kubeba. Pima kona kwa kona, pande zote mbili: zikilingana, kiunzi kimenyooka. Kisha funga mti mmoja wa mshazari. Umbo la miti mine linalegea, la pembetatu halilegei. Sisi hatukuweka hata mmoja.

Tano, ngozi ya ukuta. Magunia ya plastiki hayashiki rangi vizuri. Tafuta shuka nzee za pamba. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, changanya na udongo mwekundu, udongo mweupe au masizi, upake. Ukikauka, kitambaa kinavutika kama ngoma.

Sita, mguu. Nyuma ya kila ukuta weka mguu wa pembetatu na gunia la mchanga juu yake. Usukume mwenyewe kwa mkono. Kama unaogopa kuusukuma, usimwache mchezaji auguse.

Mwisho, safari. Kuanzia 1965 wanafunzi wa Makerere, Uganda, walizunguka nchi na michezo yao, na mwenye kuzunguka habebi nyumba. Sisi tukitoka Kasongo kwenda Kabambare, ni pikipiki na matope. Basi funga kwa kamba kuliko misumari: unafungua, unabeba, unafunga tena.

Mwaka uliofuata tulirudilia ile piesi. Mama akashika ukuta. Ukabaki. Akasema "sitoki", na sali ikanyamaza kimya. Wamama wawili wa mbele walikuwa wanafuta machozi.

Tunaanza mazoezi karibuni. Nani iko na shuka nzee kwao?