Mashine Zilizoigeuza Dunia

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii yafaa sana tunapozungumzia Mapinduzi ya Viwanda yaliyoanzia Uingereza katika karne ya 18. Sisi wanafunzi tumezoea kukariri orodha ya majina na miaka. Fulani alivumbua hiki, fulani akavumbua kile, na mtihani ukiisha yote yanayeyuka. Kumbe wavumbuzi hao walikuwa kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti! Mashine moja ilitatua shida na kuzua nyingine, na ile shida mpya ikamfanya mwingine akune kichwa. Mpenzi msomaji, hebu tuufuate uzi wa pamba tuone mambo yalivyokwenda.

Zamani nguo ilitengenezwa nyumbani. Wanawake na watoto walisokota uzi, naye mwanamume, mara nyingi, ndiye aliyefuma. Nguo huwa na nyuzi za aina mbili: mtande, yaani zile zinazotandazwa kwa urefu, na mshindio, yaani zile zinazopitishwa katikati kwa upana. Mfumaji alilazimika kuupitisha mshindio kwa mkono huu na kuupokea kwa mkono ule. Nguo ikiwa pana, ilibidi watu wawili wasaidiane. Mwaka wa 1733 John Kay alibuni kibao cha kubebea uzi ambacho kiliteleza upande hadi upande kwa kuvutwa kamba tu. Sasa mtu mmoja alitosha, tena kazi ikaenda mbio.

Basi shida ikawa uzi. Wasokotaji hawakuweza kuwatosheleza wafumaji. Mnamo 1764 hivi, James Hargreaves, mfumaji wa Lancashire, alitengeneza mashine iliyosokota nyuzi 8 kwa pamoja kwa kuzungusha gurudumu moja. Je, majirani walimpongeza? La hasha! Mwaka wa 1768 walimvamia wakazivunja mashine zake kwa kuhofia riziki yao, naye akahamia Nottingham.

Baada yake alikuja Richard Arkwright, ambaye hapo awali alikuwa kinyozi. Mashine yake ya mwaka wa 1769 ilitoa uzi imara zaidi, lakini haikuweza kuendeshwa kwa mikono nyumbani. Ilihitaji nguvu za maji. Kwa hivyo mwaka wa 1771 alianza kujenga kiwanda huko Cromford, kando ya maji yaendayo kasi. Hapa ndipo kazi ilipotoka nyumbani ikaingia kiwandani. Mfanyakazi hakujiamulia tena saa ya kuanza wala ya kupumzika. Aliitwa kwa kengele kama sisi tuitwavyo darasani.

Hata hivyo, mto una masharti yake. Ukame ukija maji hupungua, na huwezi kuuhamisha mto uufuate mji. Suluhisho lilikuwa mvuke. Tangu 1712 kulikuwa na injini ya Thomas Newcomen iliyotumiwa kuvuta maji kutoka migodini. Mvuke uliingizwa ndani ya silinda, kisha ukapozwa kwa maji baridi. Ukipoa, hurudi kuwa maji na kuacha nafasi tupu, na uzito wa hewa ya nje huisukuma pistoni chini. Ubaya ni kwamba silinda hiyo hiyo ilipashwa moto na kupozwa kila mara, na makaa ya mawe yakateketea ovyo. James Watt, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliupata ufumbuzi mwaka wa 1765: mvuke upozwe katika chombo cha kando ili silinda ibaki moto daima. Wazo dogo, lakini makaa yaliyookolewa si mchezo! Mnamo 1781 akapata njia ya kuifanya injini izungushe magurudumu. Sasa kiwanda kingeweza kujengwa mahali popote palipopatikana makaa. Mwaka wa 1785, kasisi Edmund Cartwright naye alibuni mashine ya kufuma isiyotegemea nguvu za mikono.

Nguo zikawa nyingi na rahisi. Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Viwandani waliajiriwa watoto wadogo, kwa kuwa malipo yao yalikuwa duni na miili yao midogo iliweza kutambaa chini ya mashine zikiwa zinakwenda, wakifagia pamba iliyoanguka. Wengine walikatwa vidole, wengine wakapoteza maisha.

Mashine nazo zilikuwa na njaa ya pamba. Huko Marekani kuondoa mbegu katika ratili moja tu ya pamba kwa mikono ilikuwa kazi ya siku nzima. Mwaka wa 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba iliyoweza karibu ratili 50 kwa siku. Ungedhani mtumwa angepumzika, ama sivyo? Mambo yalikuwa kinyume. Mashamba yalipanuliwa, na watumwa wakaongezeka kutoka takribani 700,000 mwaka wa 1790 hadi karibu 4,000,000 mwaka wa 1860. Wafumaji wa Bengali huko India, waliosifika kwa nguo laini, nao walipoteza soko lao.

Tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya mbali na sisi. Kitambaa tunachokiita merikani kilipata jina lake kwa sababu kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa baada ya mkataba wao na Sayyid Said mwaka wa 1833. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa, kisha misafara ikakipeleka bara kununulia chakula na pembe za ndovu. Vilevile ni injini ya mvuke iliyovuta magari ya moshi katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901.

Je, mashine zilaumiwe? Mgala muue na haki yake umpe. Zimetupa nguo, usafiri na mengi mengineyo. Ila manufaa hayakuwafikia wanyonge yenyewe tu. Ilibidi watu wapaze sauti. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo. Wale wa miaka 9 hadi 13 wasizidishe saa 9 kwa siku, na wapewe saa 2 za masomo. Wakaguzi 4 waliteuliwa, jambo muhimu sana, kwani sheria isiyo na mkaguzi ni maneno matupu.

Wanachama wenzangu, leo tunaletewa kompyuta na mashine zinazoweza hata kuandika. Tusizishangilie kiholela wala tusizivunje kama majirani wa Hargreaves. Tuulize maswali matatu: inatatua shida gani, inazua shida gani, na ni nani anayelipa gharama? Mwenye kuyajibu hayo atakuwa ameielewa historia, hata akisahau mwaka mmoja au miwili kwenye mtihani.