Kuficha Mashua Ndogo ya Kuwindia Bata

Wasomaji wetu wakaao kandokando ya maziwa na vinamasi wajua ya kuwa bata wa mwituni si ndege mjinga. Mtu akitokeza kichwa tu katika matete, kundi zima huruka. Katika nchi ya Marekani watu wengi huwinda ndege hawa wakati majani ya miti yapukutikapo na baridi ianzapo, maana ndipo makundi makubwa yashukapo kutoka Kanada, waliko viota vyao, yakienda kusini kukimbia barafu. Wawindaji wengi hutumia mashua ndogo, nao husema kwamba kulenga shabaha ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kuificha mashua. Twataka kueleza jinsi wanavyofanya kwa vitu vya kawaida, bila kununua maficho yaliyotengenezwa dukani.

Kwanza yafaa kufahamu jicho la bata. Macho yake yako pande mbili za kichwa, hata aweza kuona karibu pande zote bila kugeuka. Rangi huzitambua vizuri. Tena, naye huja kutoka juu, hivi kwamba maficho yaliyo mazuri kwa mtu aliyesimama ufukoni huenda yasifae kitu kwake yeye. Mambo yamtiayo hofu ni haya: kitu king'aacho, kitu kiendacho, na kivuli cheusi mahali pasipostahili kuwa na kivuli. Nyuso za watu ni mbaya kupita vyote, maana ngozi yenye jasho hung'aa, na kila mtu hutaka kuinua macho atazame ndege wanakuja wapi. Ndiyo sababu wawindaji wengi huvaa kitambaa usoni, na kofia yenye ukingo mpana.

Mfano ulio mzuri wa mashua iliyofichwa ni ule wa Ghuba ya Barnegat, katika jimbo la New Jersey. Fundi mmoja wa kijiji cha West Creek, jina lake Hazelton Seaman, ndiye ahesabiwaye kuwa aliunda ya kwanza mwaka 1836. Wenyeji huipa jina ambalo maana yake ni sanduku la kunyatia. Urefu wake ni kama futi 12, na upana kama futi 4. Huundwa kwa mbao za mwerezi mweupe, ambazo ni nyepesi na haziozi upesi majini. Umbo lake ni kama kijiko, nayo haizami ndani ya maji illa inchi chache. Juu imefunikwa kwa sitaha yenye mgongo kidogo, na katikati pana tundu la kuingilia mtu mmoja. Mwindaji huivuta mpaka ukingo wa kinamasi, hutandaza majani makavu ya mahali pale pale juu ya sitaha, kisha hulala ndani chali. Kwa ndege apitaye juu, hapana mashua. Pana kichuguu kidogo cha majani tu. Maji yakiganda, mashua hiyo huburutwa juu ya barafu, kwa kuwa chini yake imetiwa vipande virefu vya kuteleza. Tena ni chombo imara kuliko kinavyoonekana: Mmarekani mmoja, Nathaniel Bishop, alisafiri na moja ya namna hiyo toka Pittsburgh akishuka mito ya Ohio na Mississippi mpaka pwani ya Florida, akilala humo usiku, naye alitoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1879.

Walakini si kila kificho kilichobuniwa kiliachwa kiendelee. Katika Ghuba ya Chesapeake watu walitengeneza sanduku kama jeneza, wakalizungushia mbawa za mbao na turubai zielazo, wakaliongezea uzito kwa sanamu za bata za chuma, hata ukingo wake ukawa sawasawa na uso wa maji. Mtu aliyelala mle hakuonekana kabisa. Wakati ule nyama ya bata iliuzwa sokoni katika miji mikubwa, na wauzaji waliua ndege wengi mno kwa siku moja. Sheria ya mwaka 1918 ilikomesha biashara ya ndege hao wahamao, na mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipiga marufuku sanduku lile la kuzama. Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Ndege akikosa kabisa nafasi ya kumwona adui yake, hapo hapana uwindaji, pana mavuno.

Basi tuje kwa mashua ya siku hizi, ambayo aghalabu ni ya bati la alumini, bapa chini, yenye urefu wa futi 12 au 14. Kazi huanza kwa rangi. Alumini hung'aa kama kioo, kwa hiyo hupakwa rangi isiyong'aa, ya udongo au ya majani makavu. Kosa la wengi ni kuchagua rangi iliyokoza mno, na mashua ikilowa maji huzidi kuwa nyeusi. Afadhali rangi iliyofifia.

Baada ya hapo hutengenezwa viunzi viwili, kimoja kila upande. Wengine hutumia mabomba membamba ya chuma, yale ya kupitishia nyaya za umeme nyumbani; wengine mabomba ya plastiki, au fito tu. Viunzi hufungwa ukingoni kwa bawaba, ili vilale chini wakati wa safari na kuinuliwa mahali pa kuwindia. Juu yake hutandwa nyavu kuukuu za wavuvi au magunia yaliyofumuliwa kingo, na katika nyavu hizo hufungwa matita ya majani. Aliyewahi kuwatazama watu wa pwani wakishona makuti atafahamu upesi, maana ni namna ile ile: safu ya chini kwanza, na safu ya juu ifunike mafungo ya ile iliyo chini. Tofauti ni moja, kwamba hapa hapatakiwi unadhifu. Majani yaliyokatwa sawasawa huonekana toka mbali kuwa ni kazi ya mikono. Yaachwe yakiinama huku na huku, marefu na mafupi, na mengine yaning'inie mpaka majini ili kuficha mstari wa ubavu wa mashua.

Majani yenyewe yatoke mahali pa kuwindia. Matita ya majani ya manjano kati ya matete ya kijivu ni sawa na kupeperusha bendera. Kwa ajili hiyo mwindaji mwangalifu hufunga nusu ya kificho nyumbani, na nusu huimaliza palepale asubuhi na mapema, kabla ya jua. Sehemu ya juu isisahauliwe, maana tundu lililo wazi huonekana kama shimo jeusi. Hufunikwa kwa vipande viwili vyepesi vya majani, vya kusukumwa upesi wakati wa kusimama.

Sasa neno la hatari. Kificho kirefu hushika upepo kama tanga, na majani yakilowa huwa mazito sana, hata mashua ndogo huenda mrama kwa jambo dogo. Mnamo tarehe 11 Novemba 1940 wawindaji wengi walikuwa katika visiwa na vinamasi vya mto Mississippi. Asubuhi ilikuwa na joto, na wengi hawakuchukua nguo nzito. Mchana ikaja dhoruba ya theluji na upepo mkali, mawimbi yakawa makubwa kuliko vyombo vyao. Katika jimbo la Minnesota peke yake walikufa watu 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata. Wengine walizama, wengine waliganda kwa baridi. Kwa hiyo kila aliyemo avae koti la kujiokolea, nalo laweza kuwa la rangi ya majani, hapana udhuru. Viunzi viwe vya kuangushwa kwa mkono mmoja. Mizigo iwe chini, katikati. Majani makavu yasikaribiane na jiko la kuchemshia chai, wala na injini iliyo moto.

Sheria za Marekani nazo zataka mambo kadha wa kadha: bunduki ya marisau isishike zaidi ya risasi tatu, marisau ya madini ya risasi yamekatazwa kwa bata katika nchi nzima tangu 1991, kwa kuwa ndege huyameza wakafa kwa sumu, na badala yake hutumika ya feleji, wala mtu asifyatue katika mashua ya injini mpaka injini izimwe na chombo kiache kwenda.

Msimu ukiisha, majani yote hufunguliwa na kutupwa palepale yalipokatwa, nyavu huoshwa na kuanikwa, na viunzi hutundikwa darini mahali pasipofika panya.