Hedhi imekoma, damu imerudi: Swali la pili ambalo mama zetu hawaliulizi

Binti anapovunja ungo, jamii yetu ya pwani humkabidhi kwa somo. Hufundishwa namna ya kujisitiri, kuhesabu siku zake, kukoga josho la hedhi, na lini aache swala na lini airejee. Miaka 40 baadaye hedhi inapokoma, hakuna somo anayekuja kubisha hodi. Mama wa makamo huachwa peke yake na mwili unaobadilika na, kwa haya aliyolelewa nayo, hunyamaza.

Juma hili tunauzungumzia ukimya huo, kwa kuwa ndani yake wamo mama zetu wanaotokwa na damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, wala hawamwambii mtu.

Tupige mfano. Mama wa miaka 58, ambaye hajaziona siku zake kwa miaka 6, anaamka kwa swala ya Alfajiri na kukuta doa la damu kwenye nguo. Haumwi popote. Swali linalomjia ni la mja mwenye kumcha Mola wake: je, niswali au nisiswali? Anamtuma mtu amuulizie kwa ustadhi. Akipata jibu, moyo unatulia. Shoga yake anamtania kuwa ujana umerejea. Jirani anasema ni jini. Mwingine anamletea mizizi ya kuchemsha. Siku ya tatu damu inakatika, naye anashukuru kuwa yamekwisha.

Swali la mama huyu ni sahihi kabisa. Lakini lipo swali la pili ambalo hakuliuliza: damu hii imetoka wapi?

Kutofautisha damu na damu si jambo geni katika dini yetu. Katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (R.A), Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (S.A.W) akilalamika kuwa damu yake haikatiki, akauliza kama aache swala. Alifahamishwa kuwa damu ile ilitoka kwenye mshipa, wala haikuwa hedhi. Ama umri ambao damu haihesabiwi tena kuwa hedhi, wanavyuoni wamehitilafiana, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Tunalosisitiza ni kwamba hukumu yoyote atakayopewa kuhusu swala na saumu haimwondolei haja ya kwenda hospitali.

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na wengi hufikia hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Damu yoyote baada ya hapo, iwe tone moja, iwe nyekundu au ya kahawia, iwe na maumivu au isiwe nayo, ina sababu inayopaswa kutafutwa.

Mara nyingi sababu hiyo si ya kutisha. Homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi ya ukeni na ya ndani ya mfuko wa uzazi hukonda na kuchubuka kwa urahisi. Wengine huwa na vinyama vidogo ndani ya mfuko wa uzazi au kwenye mlango wake. Hata hivyo, katika kila wanawake 100 wanaotokwa na damu ya namna hii, takriban 9 hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Na katika kila wanawake 100 wenye saratani hiyo baada ya kukoma hedhi, takriban 90 huanza kwa dalili hii hii ya damu. Saratani ya mlango wa kizazi nayo, ambayo huwapata wanawake wengi nchini mwetu, huweza kuanza hivyo, hasa damu ikionekana baada ya tendo la ndoa.

Kwa hiyo damu hii ni kengele. Saratani ya mfuko wa uzazi ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa upasuaji. Ikicheleweshwa, husambaa. Wenye unene uliozidi, kisukari, au waliotumia dawa ya tamoksifeni kwa saratani ya matiti wawe waangalifu zaidi.

Mama asisubiri damu irudi mara ya pili. Aende kituo cha afya au hospitali, aeleze hedhi yake ilikoma lini, damu ilianza lini, na dawa anazotumia. Atachunguzwa mlango wa kizazi, lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana hakionyeshi ndani ya mfuko wa uzazi. Huhitajika ultrasaundi kupima unene wa ngozi ya ndani, na pengine kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe maabara. Mizizi na mafusho ya ukeni yaachwe. Huchubua na kuchelewesha matibabu.

Tunajua kinachowarudisha wengi mlangoni ni sitara. Mama ana haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike, na kufuatana na binti au dada yake. Akikosekana wa kike, sheria imeruhusu tabibu mwanamume kuangalia kwa kiasi cha dharura. Mtume (S.A.W) ametuamrisha kutafuta tiba, na haya haikuwekwa iwe sababu ya kuangamia.

Nanyi akina baba, mke akikwambia jambo hili, usimcheke wala usimwambie asubiri mwisho wa mwezi. Mtafutie nauli, umsindikize.

Na wewe mama uliyekwisha kupimwa ukapona, kaa na wenzako kwenye darsa uwaambie. Wao hawana somo wa umri huu. Huenda ukawa wewe.