Mwanga Unaopotea Njiani: Fizikia ya Kuboresha Taa za Gari la Kale

Ford Cortina Lotus ya toleo la pili, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1967 katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, ndani ya halmashauri ya London ambayo leo huitwa Barking na Dagenham, ni gari lililoweza kuvuka mwendo wa kilomita 160 kwa saa huku taa zake za mbele zikiwa za teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya polepole zaidi. Jina la Cortina si geni Afrika Mashariki, kwani Cortina GT iliyoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari za mwaka 1964. Kwa kuwa gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, uwezo wa dereva kuona mbele usiku ni suala la usalama, na ndiyo maana wamiliki wa magari ya kale ya michezo hutaka kuboresha taa kabla ya mambo mengine mengi.

Kosa la kawaida ni kuanza na balbu, ilhali sehemu kubwa ya mwanga hupotea kabla umeme haujaifikia. Katika magari mengi ya miaka hiyo, mkondo wote wa taa hupita kwenye waya mwembamba hadi swichi ya dashibodi, kisha swichi ya kubadili fulu na dimu, ndipo urudi mbele ya gari. Balbu mbili za wati 55 kila moja huvuta takriban ampea 9, kwa hiyo ukinzani mdogo wa omu 0.15, unaotokana na waya mrefu na viungo vyenye kutu, hupoteza volti 1.35, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya volti za mfumo unaochajiwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwanga wa uzi wa tungsteni hufuata takriban kipeo cha 3.4 cha volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi, na rangi yake hugeuka kuwa ya manjano iliyofifia.

Tiba yake ni rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme. Mkondo mdogo kutoka swichi ya zamani huiamsha sumaku hiyo, nayo hufunga njia nyingine ya waya mnene unaotoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa, ukilindwa na fyuzi iliyowekwa karibu na chanzo. Waya wa kurudisha umeme kwenye bodi nao huhitaji kusafishwa au kubadilishwa, maana ukinzani hauchagui upande.

Baada ya njia ya umeme kurekebishwa, ndipo balbu yenyewe inapostahili kufikiriwa. Taa nyingi za wakati huo zilikuwa za duara lenye kipenyo cha inchi 7, na zile zilizozibwa kabisa ziliunganisha uzi, kiakisi na lenzi kuwa kitu kimoja, kiasi kwamba uzi ukikatika taa nzima hutupwa. Nafasi hiyo hiyo hupokea taa inayotumia balbu ya H4, aina ya halojeni iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na nyuzi mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Ndani yake gesi yenye iodini au bromini huungana na tungsteni inayovukizwa na kuirudisha kwenye uzi, hivyo kioo hakiwi cheusi na uzi unaweza kuwaka kwa joto kubwa zaidi.

Kuongeza wati bila kipimo, hata hivyo, kunaumiza mfumo wa kuchaji. Dainamo ya Lucas C40, iliyotumika katika magari mengi ya Uingereza, hutoa ampea 22 tu, na balbu mbili za wati 100 huchukua takriban ampea 17 kati ya hizo, kabla ya vifuta kioo na mfumo wa kuwashia injini kupata chao.

Balbu za LED hutumia umeme kidogo, lakini chembe zake zinazotoa mwanga zisipokaa mahali hasa palipokuwa uzi, kiakisi hutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja. Vilevile, LED hupitisha umeme upande mmoja, hivyo gari lenye bodi iliyounganishwa na chanya ya betri huhitaji balbu iliyotengenezwa kwa mpangilio huo. Katika ukaguzi wa magari wa Uingereza, katazo la kuweka balbu za LED katika taa za halojeni huyahusu magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1986, hivyo Cortina iko nje ya katazo hilo, ingawa wajibu wa kutomulika macho ya wengine unabaki.

Upande wa barabara nao huamua taa ipi inafaa. Dimu ya nchi zinazoendesha kushoto, zikiwamo Uingereza, Kenya, Tanzania na Uganda, hupanda upande wa kushoto, ilhali taa iliyotengenezwa kwa ajili ya Ufaransa au Ujerumani hupanda kulia, moja kwa moja kwenye macho ya dereva anayekuja. Lakini kabla ya kununua chochote, mmiliki mwenye hekima hupima volti kwenye soketi ya taa zikiwa zinawaka, azilinganishe na zile za betri, na tofauti hiyo ndiyo humwambia kama pesa zake ziende kwanza kwenye waya au kwenye taa mpya.